Mwalimu Rozalia na Maziwa ya Siku Saba

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke aliyeonewa wivu.

Najua, si hivyo tunavyoanza. Kwa kawaida tunasema marehemu alipendwa na wote. Mwalimu Rozalia Kihwele hakupendwa na wote. Alipendwa na wengi sana, na hicho ndicho kilichomuuma mtu mmoja. Mtu huyo amekuja hapa studio mwenyewe. Ameniambia nimtaje jina. Nitamtaja.

Kwanza marehemu. Rozalia Kihwele alifariki wiki iliyopita, siku ya Jumanne, kwa kiharusi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Igowole, Mufindi, na huko huko Igowole ndiko tulikomzika. Ameacha mume, Liberatus, fundi wa matairi pale Ipogolo, Iringa, na mtoto mmoja, Anord. Kwa miaka kumi na moja alifundisha katika chuo kimoja cha uuguzi hapa Mbeya, upande wa Iyunga. Alifundisha famakolojia.

Famakolojia ni somo la dawa. Dawa inaingiaje mwilini, inafanya nini, inatokaje, na nani asipewe. Wauguzi wanafunzi wanaliogopa somo hili kuliko maiti. Majina ni marefu, hesabu ni nyingi, na vitabu vyote ni vya Kiingereza. Ukikosea kwenye karatasi, unapoteza alama. Ukikosea wodini, anapotea mtu.

Sasa huyo aliyekuja studio. Anaitwa Mwalimu Sosthenes Mwaikenda. Ana miaka hamsini na tisa. Alikuja amevaa suti, ingawa redio haina macho. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akaniambia, "Dada Bupe, usinipambe. Sema kama nitakavyokwambia."

Basi nasema kama alivyoniambia.

Sosthenes alifundisha somo la dawa chuoni pale kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na noti zake, karatasi zilizogeuka njano. Anaingia darasani, anasoma, wanafunzi wanaandika. Mengine anayaandika ubaoni kwa mwandiko wake wa kulala, mzuri, kama wa kadi za harusi. Kengele ikilia anafunga faili. Hakuwa mvivu. Noti zile alizikusanya mwenyewe kwa miaka, vitabu vilipokuwa viwili tu kwa chuo kizima.

Mwaka 2003, kwenye mstari wa pili, alikaa binti mmoja kutoka Igowole. Alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Mtihani ulipokuja akaongoza. Ndiye Rozalia. Sosthenes anasema siku ile alitembea kuzunguka chuo mara mbili akitafuta mtu wa kumwonyesha matokeo.

"Alikuwa wangu," ameniambia. "Weka hapo hapo. Mimi ndiye nilimfundisha."

Rozalia alikwenda kazini, akasoma zaidi, na mwaka 2014 akarudi kuwa mkufunzi pale pale. Sosthenes alifurahi. Akamwonyesha ofisi, akamtafutia kiti kizima. Miaka mitano wakanywa chai pamoja saa nne. Yeye alimwita binti, Rozalia alimwita Mwalimu.

Halafu mwaka 2019 mkuu wa chuo akapanga upya masomo. Famakolojia ya mwaka wa pili ikaenda kwa Rozalia. Sosthenes akapewa masomo ya mwaka wa kwanza. Aliambiwa kwenye korido, amesimama, mkuu akiwa na funguo za gari mkononi.

Wasikilizaji wapendwa, wivu wa Sosthenes ulianzia hapo, na ukapata sauti. Madarasa yale mawili yanatenganishwa na ukuta wa mbao. Upande huu Sosthenes anasoma noti kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Upande wa pili wanacheka.

Hebu niwaambie walikuwa wanacheka nini.

Wiki ya kwanza Rozalia aliingia bila faili. Akauliza ni nani ambao nyumbani kwao wanafuga. Mikono michache ikapanda. Nyuma kabisa kulikuwa na binti anaitwa Nyamizi. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Nyamizi hakunyoosha mkono. Wenzake wa mjini walishampa jina la Mchungaji, na hawakumaanisha wa kanisani. Mmoja akamsema, eti Madamu, huyu kwao ng'ombe ni wengi kuliko watu. Darasa likacheka.

Rozalia hakucheka, wala hakugomba. Alimwita Nyamizi mbele na kumuuliza ng'ombe wao wakiumwa nani anachoma sindano.

"Mimi, Madamu."

"Ndama na dume unawapa dawa sawa?"

"Hapana. Utaua ndama."

"Unajuaje kiasi?"

Nyamizi akaeleza, macho chini. Kwao hakuna mizani ya ng'ombe. Baba yake ana kamba yenye mafundo. Unaizungusha kifuani kwa ng'ombe, unaangalia imefika fundo la ngapi, unajua uzito. Ukishajua uzito, dawa ile ya kawaida ni mililita moja kwa kila kilo kumi. Ng'ombe wa kilo mia mbili, mililita ishirini. Unagawa sehemu mbili, huchomi zote mahali pamoja.

Rozalia akageuka ubaoni. Akaandika kanuni ya dozi kwa uzito, ile ile iliyowaliza wanafunzi kwa miaka yote. Akasema, "Mwenzenu ameimaliza. Sasa badilisheni ng'ombe, wekeni mtoto wa kilo nane."

Darasa zima likapata jibu.

Mimi nimesoma diploma, wasikilizaji. Nimekaa madarasani miaka mingi nikinakili vitu ambavyo hakuna aliyeniambia kwamba tayari ninavijua. Niliposimuliwa habari hii niliwaonea wivu wale watoto. Nasema kweli.

Na Rozalia alifundisha kwa Kiswahili kwanza. Kiswahili kilichonyooka, si cha kuokoteza. Jambo likishaeleweka ndipo anawapa Kiingereza chake waandike kwa ajili ya mtihani. Alisema mgonjwa wa Iyunga hatauliza swali lake kwa lugha ya kitabu.

Somo lililofuata lilikuwa dawa inavyotoka mwilini. Nyamizi, ambaye sasa alikaa mbele, akasema kwao ng'ombe akichomwa ile dawa, maziwa yake hayanywi mtu siku saba. Yanamwagwa. Kwa nini? Kwa sababu dawa bado imo. Kila siku inapungua, mpaka iishe. Rozalia akasema hapo mmeelewa somo la wiki mbili. Dawa haikai, inasafiri, na njia mojawapo ya kutokea ni maziwa.

Ukuta wa mbao ukapitisha kila neno. Sosthenes alisikia wanafunzi wakitoka nje wakibishana kuhusu dawa kwa hiari yao, mikono hewani kama watu waliotoka mpirani. Miaka ishirini na miwili, ameniambia, hakuwahi kuona wanafunzi wakibishana baada ya kipindi chake. Walikuwa wananyoosha vidole vilivyochoka kuandika.

Akaanza kusimama karibu na dirisha la Rozalia, simu sikioni, haongei na mtu.

Siku moja akajaribu. Aliacha noti ofisini, akaingia kwa mwaka wa kwanza, akauliza, "Nani kwao wanafuga?" Mwanafunzi mmoja akasema wana kuku. Sosthenes akasimama pale. Hakuwa na swali la pili. Akamwambia asante, kaa chini, akarudi ofisini kuchukua faili.

"Kuku," ameniambia studio, akitikisa kichwa. "Dada Bupe, kuku ana mambo mengi ya dawa. Ningeweza kuuliza mambo kumi. Hayakuja."

Sasa tufike kwenye maziwa yenyewe.

Muda wa mazoezi wodini ukafika. Nyamizi akapangwa kliniki ya akina mama. Akaja mama mmoja kijana, Ikupa, mkazi wa Iyunga, na mtoto wa wiki tatu. Titi moja limevimba, jekundu, la moto. Daktari akaandika dawa ya kuua bakteria, vidonge vya siku saba. Kazi ya kumpa maelezo akaachiwa mwanafunzi.

Nyamizi alimweleza vizuri namna ya kumeza. Halafu akamwambia akamue maziwa ayamwage, asimnyonyeshe mtoto siku saba.

Kwao ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, maziwa humwagwa. Ng'ombe aliyepewa dawa, maziwa humwagwa. Huyu alikuwa na vyote viwili. Nyamizi hakubahatisha. Alikuwa na uhakika, kwa sababu mwalimu wake alisema mbele ya darasa kwamba dawa inatokea kwenye maziwa.

Na alikosea. Dawa ile inafika kwenye maziwa ya mama kidogo sana, haimdhuru mtoto. Na titi la namna ile linataka kunyonywa ili lipone. Ikupa alitii. Akampa mtoto maji ya sukari na uji mwepesi. Siku ya tatu alimrudisha amelegea, mdomo mkavu, nepi kavu. Mtoto alilazwa siku mbili. Alipona. Narudia kwa wenye wasiwasi, wasikilizaji wapendwa: mtoto alipona, na leo anasoma chekechea.

Habari ilimfikia Sosthenes kabla ya chakula cha mchana. Hapa ndipo alipoinua mikono kutoka mezani.

"Nilifurahi," alisema. "Nilimuuliza aliyeniletea kama mtoto ni mzima, akasema ni mzima. Basi nikafurahi. Hapana, usilainishe. Hata kabla ya kujua kama ni mzima, furaha ilishafika."

Alasiri ile aliandika barua kwa mkuu wa chuo. Kwa mkono, bila jina. Aliandika kwamba wauguzi wanafundishwa utabibu wa mifugo, kwamba mtoto amenusurika, kwamba mkufunzi huyu aondolewe kwenye somo. Akaisukuma chini ya mlango wa ofisi.

Mkuu akamwita Rozalia, akampa barua asome. Rozalia alisoma mstari wa kwanza tu, akaikunja, akairudisha. Miaka miwili mizima aliwahi kunakili mwandiko ule kutoka ubaoni. Asingeweza kuusahau.

Hakusema ni wa nani. Alisema hivi, na mkuu wa chuo mwenyewe amenithibitishia: "Nilimpa yule mtoto mfano wa ng'ombe. Sikumwambia mfano unaishia wapi. Kosa ni langu."

Akasimamishwa kufundisha somo lile wiki mbili, uchunguzi ukiendelea. Darasa likarudi kwa Sosthenes.

Wiki hizo mbili Rozalia alizitumia wapi? Nyumbani kwa Ikupa. Maziwa ya Ikupa yalikuwa yamepungua, na mtoto alishazoea kijiko, anakataa titi. Rozalia alikwenda siku nne mfululizo, na siku zote nne alikuwa na Nyamizi, ambaye alishafunga begi arudi Usangu. Nilimtembelea Ikupa juzi. Anacheka sasa, lakini siku ile ya kwanza hakucheka.

"Nilimuuliza yule binti, hivi mimi ni ng'ombe wenu? Una kamba hapo, unipime? Akalia. Madamu akamwacha alie. Halafu akamwambia, futa machozi, nawa mikono, mshike mtoto kichwa. Mimi nakuonyesha mara moja, ya pili unafanya wewe. Siku ya nne mwanangu alishika titi, na aliyemshikisha ni yule yule binti."

Kabla ya siku ya nne, Rozalia aligonga ofisi ya Sosthenes. Akamsalimu "Kamwene, Mwalimu," kama kila siku. Akamwomba kitu kimoja. Mwaka 2003 Sosthenes aliwafundisha jedwali la dawa na unyonyeshaji: zipi mama anaendelea kunyonyesha, zipi asubiri, zipi kamwe. Rozalia alimwomba alifundishe tena kwa mwaka wa pili, kwa sababu hakuna aliyelipanga vizuri kuliko yeye.

Sosthenes akamwambia ana kazi nyingi.

Rozalia akasimama, akashika kitasa. "Mwandiko wako haujabadilika, Mwalimu," akasema. "Bado mzuri." Akatoka.

Sosthenes alirudi kwenye darasa alilolitaka. Akasoma noti. Wanafunzi wakaandika. Hakuna aliyemkosea adabu. Hakuna aliyeuliza swali. Kiti cha Nyamizi kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshinda, na alitamani kengele ilie mapema.

Mwisho wa wiki ya pili mkuu alitangaza kwamba aliyeandika barua ajitokeze asaini, ili hatua zichukuliwe kwa utaratibu. Bila saini, barua si kitu. Rozalia alikuwepo kwenye kikao. Angeweza kunyoosha kidole. Alikuwa anaangalia daftari lake. Sosthenes naye hakusaini. Barua ikafa. Rozalia akapewa onyo kwa kosa la wodini, na akarudishiwa somo lake.

Kipindi chake cha kwanza, Sosthenes alikuwa upande wa pili wa ukuta. Akamsikia Rozalia akisema ng'ombe anaishia hapa. Maziwa ya ng'ombe yanamwagwa kwa sababu mnywaji ana chakula kingine. Mtoto wa wiki tatu hana. Swali la kwanza ni dawa kiasi gani inafika kwenye maziwa. Swali la pili ni mtoto akikosa maziwa atapata hasara gani. Pimeni yote mawili. Halafu akafungua daftari lake la mwaka 2003 na kusema, "Jedwali hili ni la Mwalimu Sosthenes. Mimi nalisoma tu." Akaeleza alivyolikusanya, akitembea kutoka hospitali hadi hospitali kuuliza, wakati hakuna mtandao.

"Wanafunzi wakapiga makofi," Sosthenes ameniambia. "Wananipigia makofi mimi, na mimi sipo. Hata kunisifu alinisifu vizuri kuliko ambavyo ningejisifu. Nikazidi kumwonea wivu."

Wasikilizaji wapendwa, waliishi hivyo miaka sita. Chai saa nne. Kamwene, Mwalimu. Barua haikutajwa tena.

Wala si Sosthenes peke yake aliyekuwa na wivu. Nilimuuliza Liberatus, mume wa marehemu, tukiwa Igowole baada ya mazishi. Mkewe alikuwa Mbeya, yeye Ipogolo, wanaonana mwisho wa mwezi.

"Nilioa mke mmoja," alisema, "nikapata washindani themanini kila mwaka. Mama Anord akija nyumbani simu haitulii. Madamu, hii dozi ni sahihi? Madamu, nikate mara mbili au tatu? Siku moja nikamwambia, mimi nikitaka uniangalie hivyo, nimeze nini? Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini simu ilipolia, akapokea."

Mazishini Igowole ilikuwa baridi, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai. Wauguzi walikuja wamevaa sare zao nyeupe, kutoka Mbeya, Makambako, Mbarali, Iringa mjini. Nyamizi alikuja. Sasa ni muuguzi kwenye kituo cha afya huko Usangu. Alipewa dakika mbili, akatumia moja. Alisema, "Nilikosea, akaja kukosea na mimi." Akakaa.

Sosthenes alipewa nafasi kwa niaba ya wakufunzi. Alisoma tarehe: alizaliwa lini, aliajiriwa lini. Akarudi kukaa.

"Nilikuwa nahesabu zile sare," ameniambia. "Mia moja na kumi na saba. Jeneza liko mbele yangu, na mimi nahesabu. Nikajiuliza, wangu wangekuja wangapi? Marehemu, dada Bupe. Namwonea wivu marehemu."

Nilimuuliza kwa nini anasema haya redioni, wakati hakuna anayemshtaki na mwaka kesho anastaafu. Jibu lake ndilo sababu ya kipindi hiki. Mwaka wa pili hawana mwalimu wa somo la dawa. Mitihani ni baada ya miezi mitatu. Mkuu wa chuo amemwomba mara mbili, amekataa mara mbili, kwa sababu anajua watakuwa wanasikiliza sauti nyingine wakati yeye anaongea. Mara ya tatu amekubali.

"Ila siwezi kuingia kwenye darasa lake nikiwa nimeficha barua," alisema. "Wanafunzi wanasikiliza kipindi chako bwenini, najua. Wajue kwanza. Ni mimi niliandika. Nilitaka aondolewe, na sababu haikuwa mtoto wa Ikupa. Atakayeona hawezi kufundishwa na mtu kama mimi, atoke, sitaandika jina lake. Watakaobaki, nina maswali. Nimekaa wiki nzima nayaandika. Mengine sijui majibu yake, itabidi wanisaidie."

Alipoinuka, alinigeukia. Akaniuliza kama na mimi kazini kwetu hapa nina mtu wangu. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa. Nilimtajia jina. Sitalirudia hapa, lakini mwenye jina alikuwa chumba cha pili, anasoma taarifa ya habari vizuri kama kawaida yake, na nimetoka kumpelekea chai.

Kwako Liberatus pale Ipogolo, kwako Anord, kwa ukoo wa Kihwele na majirani wote wa Igowole: poleni sana. Mlimgawa kwa watu themanini kila mwaka, na nyie mkabaki na mwisho wa mwezi. Tunajua mlichotoa. Mungu amlaze mahali pema, na awape nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, unaye mtu ambaye akifanya vizuri unamtafutia kosa. Nani huyo? Umeshamfanyia nini? Kama yu hai, bado una nafasi ambayo Mwalimu Sosthenes aliikosa kila siku saa nne, kikombe mkononi.

Mwaka wa pili, mmesikia. Kesho saa mbili asubuhi ataingia. Kaeni au tokeni, uamuzi ni wenu. Lakini msimwache aongee na viti.